Mafuta Meupe Yaliyovuka Ruzizi

Kadutu nzima, hapa Bukavu, hakuna mwanamke anayeunguza mawese yakawa meupe kama yangu. Sijisifu. Waulizeni wauza mandazi, wauza samaki, hata wale wanaonichukia, watawaambia hivyo huku wamenuna.

Mafuta mekundu yanatufikia kutoka Bunyakiri katika bidoni, yale madumu ya manjano, mengine mgongoni mwa wanawake, mengine juu ya malori yanayolala njiani kwa sababu ya matope. Mekundu ni ya sombe, majani ya muhogo, na maharagi. Lakini anayekaanga vitu vya kuuza hataki wekundu, maana unapaka mandazi rangi na unanukisha samaki mawese. Anataka mafuta meupe. Hayo yanatoka kiwandani, nchi za mbali, kwa bei ya watu wengine. Au yanatoka kwangu.

Kazi hii nilifundishwa na mama yangu. Unayachuja kwa kitambaa, unayamimina katika sufuria kubwa juu ya mafiga, unachochea kuni za mikaratusi, unakaa. Kwanza yanalia, ni maji yaliyomo ndani. Yakishanyamaza, moshi unaanza, mweupe kwanza, halafu wa bluu, ule unaokamua macho. Hapo wekundu unaondoka. Huuoni ukienda. Unageuka kidogo kumfukuza kuku, ukirudisha macho mafuta yamekuwa kama chai, halafu kama mkojo wa mtoto aliyenyonya vizuri. Hapo sasa unarusha chumvi ya mawe, kiganja kimoja, huku umegeuza uso. Inapasuka kama bunduki, na harufu yote ya mawese inapanda na moshi inakwenda zake. Wanawake wengine wanaunguza bila chumvi kwa uvivu au kwa kutojua. Mandazi yao yananuka jiko la mjane.

Katika nyumba yetu chumvi hairushwi na msichana. Mpaka uzae. Mama alikuwa akisema mkono ambao haujashika mtoto wake mwenyewe hauna subira, utairusha mapema, na chumvi ikirushwa mapema mafuta yanabaki na harufu. Mimi nilichochea moto huo miaka mingi kabla ya kuruhusiwa. Siku niliyopewa chumvi mkononi nilijiona mtu mzima kuliko siku ya harusi yangu.

Mtoto niliyemlea kwa moshi huo ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu. Mama yake alikufa kabla yeye hajajua kutembea vizuri. Watoto wangu wengine, mmoja alifuata dhahabu Shabunda na Shabunda ikamla, waliobaki wametawanyika, wanapiga simu siku ya Noeli. Nyumbani tulikuwa wawili. Mimi nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, basi. Nikasema huyu atasoma mpaka vitabu vimchoke. Akasoma chimie, ndiyo kemia. Akatoka huko anavaa koti jeupe, anaongea Kifaransa kama redio, na asubuhi bado ananisaidia kuinua sufuria. Mwanamke mwenye mjukuu kama huyo ana haki ya kutembea katikati ya barabara na piki zimpishe.

Alipata kazi katika atelye moja, karakana ya njia ya kwenda Katana, ambako walikuwa wakitengeneza chakula cha watoto waliokonda: karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari na mafuta, vyote pamoja katika pakiti ndogo ambayo mtoto anaifyonza. Niliwahi kuwaona hao watoto. Nywele za rangi ya ndevu za mahindi, uso wa mzee, miguu kama vijiti vya kuchokolea meno. Wakifyonza ile pakiti siku chache, wanaanza kulia kwa sauti. Mjukuu wangu alisema hiyo ni dalili nzuri, maana mtoto aliyekwisha halii. Yeye ndiye aliyekuwa labo yao, maabara yao. Alipima maji yaliyobaki katika karanga, alipima uchachu wa mafuta, alisema hiki kiingie, hiki kirudi kilikotoka, na wanaume wenye mashati ya kufungwa kooni walimtii.

Halafu mambo ya mji yakageuka, wenye bunduki wakauchukua, mnayajua. Benki zikafunga milango, ndege zikaacha kutua Kavumu, malori yakawa ya kungojewa kama mvua ya kiangazi. Mafuta ya kiwandani waliyokuwa wakiletewa yakakatika. Directrice, mkuu wa atelye, mama mmoja mnene, mpole, mtoto wa Bagira, akawakusanya wafanyakazi akawaambia wazi. Pipa la mwisho likiisha na hatujapata mafuta meupe na safi hapa hapa, tunafunga.

Mjukuu wangu alinieleza hayo akisonga bugali. Hakuniangalia. Akaongeza kwamba kuna kazi ng'ambo ya mto Ruzizi, kule nchi jirani, katika labo kubwa, mwenzake wa shule amemwita. Atelye ikifunga atakwenda, kwa sababu hapa hakuna mwingine anayetafuta mtu wa chimie, hapa wanatafuta wabeba mizigo. Nilielewa. Mafuta yangu yakikubaliwa, ninabaki na mtu nyumbani. Yakikataliwa, ninabaki na sufuria.

Nikamwambia amlete huyo directrice.

Alikuja kwa piki, kwa kuwa gari haipandi kwetu, akafika anahema kama aliyeisukuma. Nikamkalisha. Nikamletea mafuta katika kikombe cheupe ili aone rangi. Akachovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Maman, haya mafuta haina harufu hata kidogo. Iko safi kupita ile tulikuwa tunanunua."

Nikamwambia aache kulamba, mwili alio nao unamtosha. Akacheka mpaka kiti kikalia. Nilimpenda. Nilimwuliza pia kwa nini wasitumie mekundu yaishe, kwani mtoto wa hapa anakula sombe ya mawese kabla hajaota jino. Akasema mekundu yanachacha upesi ndani ya pakiti, na wale wanaotoa maziwa na sukari wanataka chakula kifuate walivyoandika, mafuta yasiyo na rangi. Sikubishana. Kuondoa rangi ndiyo kazi yangu.

Mjukuu wangu akachukua mafuta ya kupima. Nilimpa chupa ya plastiki niliyoisugua kwa mchanga, akaikataa. Alikuja na zake za kioo cheusi, zimeoshwa na kukaushwa kwa moto, akazijaza bila kugusa mdomo wa chupa, kama padri na kikombe chake. Akanipeleka nikaone anavyofanya. Labo ile ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa na meza ya vigae. Nikamwambia hili ni jiko, kasoro chakula. Akaweka mafuta yangu katika chupa ya kioo, akayachanganya na spiriti, akaanza kudondosha dawa kutoka katika mrija mwembamba, tone, tone, huku akitikisa. Akaniambia nitazame. Matone yakiingia mengi kabla rangi haijabadilika, mafuta yamechacha. Kabla sijakaa vizuri yakawa ya waridi, rangi ya ufizi wa mtoto.

"Koko, unaona? Iko mazuri sana," akasema, Koko ndiyo mimi bibi yake, na mimi nikatamani soko lote lingekuwa mle ndani.

Bila shaka nilitangaza. Nilishuka sokoni nikawaambia wote kwamba mafuta yangu yamepita labo. Kuna mmoja anayeunguza kama mimi, ng'ambo ya barabara, akauliza kama na yeye mwenyewe muunguzaji anapitishwa labo, maana anaonekana amechacha. Tulirushiana maneno siku nzima kwa furaha.

Lakini kulikuwa na kipimo kingine. Mjukuu wangu alinieleza kwamba kuna uchafu ambao haumo katika ngazi, matunda yenyewe ya mchikichi, wala katika bidoni, unazaliwa mle mle ndani ya sufuria mafuta yanapopata moto. Hauna rangi, hauna harufu, na yale matone ya waridi hayawezi kuuona. Unahitaji mashine ambayo Bukavu haipo. Chupa moja ikafungwa katika nailoni na gazeti, ikavuka Ruzizi ndani ya begi la mtu aliyeaminika, ikapanda ndege kwenda nchi ambayo mimi nimeisikia kwenye mpira tu. Mafuta ya Bunyakiri, ya moshi wangu, ndani ya ndege. Nilijivunia hata hilo.

Tukangoja. Pipa la mwisho kule atelye likafika katikati, likafika chini. Wakaanza kutengeneza pakiti chache, na kina mama waliotoka Kalehe na watoto mgongoni wakawa wanarudishwa wasubiri wiki nyingine.

Jibu lilikuja mchana wa mvua. Alifika nyumbani mapema, akaingia na viatu vya matope, yeye ambaye hata mgeni anamvua viatu.

"Koko, kaa kwanza."

"Nikae juu ya nini? Sema."

"Mafuta yako iko na sumu. Mingi."

Nilimwambia anayesema hivyo alale njaa mwezi mmoja. Akaacha nimalize. Halafu akanieleza polepole, kama anavyonieleza vitu vya simu. Chumvi ikikutana na mafuta katika moto mkali vile, vinazaa kitu. Kina jina refu, alilitamka, nikamwambia hilo ni jina la askofu. Hakicheki na figo. Hakiui leo wala kesho, kinazichosha. Mtu mzima anayekula andazi moja, labda halimfanyi kitu. Mtoto ndiye shida.

Nilimwambia mama yangu alikula mafuta haya maisha yake yote na alizeeka.

"Alizeeka," akasema. "Na alikufa na nini, Koko?"

"Alivimba miguu. Akavimba uso. Wazee wanavimba."

Alivua viatu sasa, akavipeleka nje kwenye mvua, akakaa huko akiviosha muda mrefu kuliko matope yaliyokuwapo. Mimi nilibaki na miguu ya mama yangu mbele ya macho, jinsi ukibonyeza kidole shimo lilivyobaki.

Aliporudi ndani hasira ilikuwa imenipata tena. Nikamwuliza, wale watoto si wanakufa na njaa sasa hivi? Sumu ya figo ya miaka ijayo na njaa ya leo, kipi kinaanza? Akasema wameliwaza hilo, yeye na directrice, wamelizungusha mpaka vichwa vimeuma.

"Koko, ile mutoto hakuli kitu ingine. Asubuhi ile pakiti, mangaribi ile pakiti, wiki na wiki. Sumu yote inapita mule mule. Na figo yake iko sawa haragi."

Akanionyesha kwa vidole jinsi haragi lilivyo dogo, kama kwamba sijawahi kuchambua maharagi.

Tulifikiri kwamba ni chumvi tu. Yeye pia alifikiri hivyo, na hapo tukapata moyo, ambao nadhani ingekuwa afadhali tusingeupata. Aliniomba niunguze bila chumvi. Alisema polepole, akijua anachoniomba, maana yeye mwenyewe hajazaa na hiyo chumvi hajawahi kuigusa. Nilikubali. Nilikuwa nimengoja miaka kupewa chumvi, na sasa mtoto niliyemfuta mavi ananinyang'anya, na nikakubali, kwa sababu sikutaka avuke lile daraja la Ruzizi.

Akaleta kipimajoto kirefu cha kioo, akakifunga kwa waya juu ya sufuria. Tukaacha kuni, tukatumia makala, yaani mkaa, ili moto utulie. Moto ukiwa mdogo, mafuta yalibaki ya rangi ya chungwa na harufu yake yote, mchana mzima, na macho yetu yakawa mekundu kuyashinda. Tukipandisha, wekundu unaondoka lakini moshi ule wa bluu unatokea na yeye anasema hapana, hapana, teremsha. Tulipigana na sufuria hiyo kama na mlevi. Mwishowe tukapata njia ya katikati: moto usiofika kwenye moshi mkali, lakini tunayaacha juu yake muda mrefu sana, tukichuja mara kwa mara kwa unga wa udongo mweupe alioupata kwa mtu. Yakatoka meupe. Si kama ya chumvi, yalikuwa na harufu kidogo, ila meupe. Alinikumbatia, na mikono yetu ikateleza kwa mafuta tukakaribia kuanguka juu ya sufuria.

Chupa nyingine ikavuka Ruzizi. Safari hii nilisali rozari juu ya gazeti kabla halijafungwa, akaniona, hakucheka.

Pipa la atelye likaisha tukingoja. Directrice hakufunga mlango, aliwaweka wafanyakazi wasafishe mashine. Mjukuu wangu alikwenda kila siku kupima kitu kisichokuwapo. Mwenzake wa ng'ambo alikuwa anapiga simu: ile nafasi haitakaa wazi daima.

Jibu la pili alilileta directrice mwenyewe, na piki yake, na kilo ya sukari mkononi. Nilipoiona ile sukari nilijua. Kwetu huendi na sukari mahali pa habari njema, unakwenda nayo kwenye kilio.

Akaeleza, na pale alipokwama mjukuu wangu akamalizia. Ile sumu ya chumvi imeshuka sana, mumefanya vizuri. Lakini ina dada yake. Dada huyo hahitaji chumvi, anahitaji moto tu. Anazaliwa wakati ule ule wekundu unapoondoka, na kwa kuwa tuliyaacha mafuta juu ya moto muda mrefu, alizaliwa akanenepa. Huyo wanamwogopa kuliko wa kwanza, kwa sababu wanasema anaweza kuanzisha kansa.

Nikauliza wenye viwanda wanafanyaje, kwani na wao si wana moto? Mjukuu wangu akasema wao wanaondoa rangi na harufu ndani ya mtungi ulionyonywa hewa, wanapitisha mvuke wa maji, moto wao wanauongoza kama gari, na bado hiyo sumu inazaliwa kwao, inabidi wapunguze na wapunguze.

"Na mu sufuria?"

"Mu sufuria haiwezekane, Koko."

"Hata tukijaribu tena?"

"Bila moto yatabaki mekundu. Na moto, itakuwa vile vile."

Directrice alikuwa anaangalia miguu yake. Akasema alikuwa amewaandikia wale wanaotoa maziwa, akiwaomba wakubali mekundu, watoto wa huku wanayajua. Walimjibu kwa heshima. Hawakukubali. Nikamwambia ale kitu kabla ya kushuka, akasema ameshiba, na kwa mara ya kwanza nilimwona hakutazama hata kikombe.

Alipoondoka nilimimina yale mafuta yetu ya pili katika bidoni na kufunga mfuniko. Yalikuwa mazuri kutazama. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma hata sasa. Kama yangekuwa machafu ningeyamwaga nikatukana aliyeyachafua. Lakini unayaweka kwenye mwanga na ng'ambo yake unaona kidole chako.

Atelye ilifungwa. Hakukuwa na sherehe. Kina mama wa Kalehe waliendelea kufika siku kadhaa, wakakuta mlinzi. Sijui walikwenda wapi na wale watoto. Mjukuu wangu alijua baadhi, hakutaka kusema.

Aliondoka mapema wiki iliyofuata. Nilimsindikiza mpaka karibu na daraja, kwenye ile foleni ya wanawake wenye mabeseni ya sambaza, vile visamaki vya ziwa, na nyanya. Alikuwa ameninunulia bidoni ya mawese mekundu, nzito, akaiacha chini ya kitanda changu, akaniapisha kwamba chakula changu mwenyewe nitapikia hayo. Wewe kula ya mekundu, alirudia, kama vile mimi ndiye mtoto wa pakiti. Nikamwambia asinifundishe kula. Akanishika uso kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa haina tena harufu ya moshi, ilinuka sabuni. Foleni ikamvuta.

Wauza mandazi sikuwaficha. Mimi si mwizi. Nilikaa mbele ya sufuria nikawaambia yote, chumvi, moto, figo, kansa, jina la askofu. Walisikiliza wakiwa wamesimama na vibidoni vyao tupu. Mkubwa wao, mama mwenye sauti ya kuuzia, akanijibu kwa niaba ya wote.

"Maman, ile sumu ijipange mulolongo. Mbele yake kuko njaa, kuko malaria, kuko risasi. Zamu yake ikifika, itanikuta nishakufa zamani. Pima mafuta."

Walicheka. Na mimi kicheko kilinitoka, sikukiita. Nikawapimia. Nilijaribu kuwauzia yasiyo na chumvi, nikidhani angalau sumu moja itapungua, wakayanusa, wakavuka barabara kwa yule mwenzangu. Baada ya hapo nilifanya kama nilivyofanya siku zote, maana na mimi ninanunua makala na unga.

Sasa ninachochea peke yangu. Sufuria siiinui, ninaiacha juu ya mafiga mpaka ipoe, kwa sababu hakuna mkono wa pili. Moshi wa bluu ukipanda ninaufikiria tofauti na zamani. Zamani ulikuwa kazi inakwisha. Sasa ninajua kuna kinachozaliwa mle, dada na dada, na ninasimama pale kama mkunga.

Huwa anapiga simu Jumapili baada ya misa. Huko kazi yake ni kupima mafuta ya watu wengine, chupa na chupa, na mashine kama ile iliyotukataa sasa yuko nayo, anaiwasha kwa kidole. Ameniambia inalia kidogo ikianza. Jumapili iliyopita aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia mandazi, ya yule mama mwenye sauti, anayekaanga kwa mafuta yangu. Nikasikia magari ya huko aliko. Halafu akauliza kama mvua imenyesha Kadutu. Nikamwambia imenyesha.